Aliyewalisha Mbwa wa Bi Perusi

Sogeeni, na walio nyuma waniambie kama sauti inawafikia. Nina kisa cha watu watatu na mbwa wengi, nami nitakieleza kilivyotokea, bila kumwongezea huyu wala kumpunguzia yule. Sikilizeni kama watu waliokaa kwenye baraza la hukumu, maana nikifika mwisho mimi nitanyamaza na kazi itakuwa yenu.

Kijiji chenyewe kinaitwa Kwemtindi. Kiko chini ya milima, ng'ambo ya mto, na zamani kilizungukwa na shamba kubwa la mkonge. Hapo Kwemtindi walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Mwinjuma, mwanamume wa makamo aliyeishi kwa kusukuma mkokoteni. Kipawa chake kilikuwa kuomba. Wanaojua kuomba ni wengi, lakini Mwinjuma aliomba kwa namna ambayo mtoaji hakujiona amenyang'anywa, na mwombaji hakuonekana ameshuka. Hakuomba kile mtu alichokishika mkononi. Aliomba kile ambacho mtu alikuwa karibu kukitupa, na alisema wazi anakipeleka wapi. Msiba ulipokosa turubai au mbao za jeneza, alitumwa yeye, na hakuwahi kurudi mikono mitupu.

Wa pili ni Teodosia, mjane, mpishi wa shughuli. Kipawa chake kilikuwa kukifanya kidogo kitoshe. Alikuwa akitazama gunia la mchele, akatazama watu waliokaa uani, asipime chochote, na bado mtu wa mwisho akashiba kama wa kwanza. Tena alikuwa na pua. Chakula kilichotaka kumdhuru mtu alikijua kabla hakijafika mezani, na katika shughuli zote alizopika hapakuwahi kutokea mgonjwa wa tumbo.

Wa tatu ni Stumai, binti wa mwindaji. Baba yake aliwinda nguruwe pori kwa mbwa, na Stumai alijifunza kutembea huku ameshika mgongo wa mbwa. Kipawa chake ni kwamba mbwa walimsikia. Hakupiga kelele wala hakubeba fimbo. Alisema neno moja kwa sauti ya kawaida, kama anayemwomba mtu ampishe njia, na mbwa akakaa.

Watatu hawa hawakuwa marafiki. Walisalimiana wakikutana njiani, basi. Kilichowaweka pamoja ni mbwa wa Bi Perusi.

Bi Perusi Mhina alikuwa mwanamke mtu mzima, hakuwa na mume wala mtoto. Shamba la mkonge lilipofungwa, wafanyakazi walipakiwa kwenye malori pamoja na vitanda na kuku wao, wakapelekwa mashamba mengine. Mbwa hawakupakiwa. Walibaki wamekaa kwenye milango ya nyumba tupu, wakingoja, na njaa ilipowazidi wakaingia kijijini. Watu waliwapiga mawe. Bi Perusi alianza kumwekea mmoja makombo nyuma ya nyumba yake, kesho yake wakaja wawili, na mwisho akawahamishia wote kwenye ghala la zamani la mkonge lililokuwa ndani ya kiwanja chake. Habari ikaenea. Watu wa vijiji vingine wakamletea mbwa waliogongwa na magari, na watoto wa mbwa waliotupwa ndani ya viroba. Hakumkataa hata mmoja. Wakafika arobaini na zaidi.

Kuwalisha hakukuwa rahisi hata siku za neema. Pumba na dagaa waliovunjikavunjika vilitoka mjini, vikaletwa na basi lililovuka daraja. Siku nyingine Bi Perusi alishinda na chai ya rangi ili pumba itoshe, na majirani walilijua hilo, na baadhi yao walimcheka.

Tena kijiji hakikuwa na moyo mmoja juu ya mbwa wale. Siku moja mbuzi aliokotwa amechanwa, na hakuna aliyeona mnyama aliyemchana. Mkutano ukaitwa. Wakakata shauri kwamba mbwa wakae ndani ya ghala, lakini siku mmoja wao akitoka akakamata mbuzi, wote watauawa. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Shekigenda, alimwuliza Bi Perusi kama ameelewa. Akasema ameelewa.

Basi masika yakaingia. Bi Perusi aliteleza kwenye tope karibu na kisima chake, akavunjika nyonga. Walimbeba na godoro lake, wakamlaza nyuma ya gari ili apelekwe hospitali Tanga. Gari lilipotaka kuondoka alishika ubao wa ubavuni, akawaambia watu waliojaa pale, "Mbwa wangu wasife njaa."

Hakumtaja mtu. Gari likaondoka, watu wakatawanyika, kila mmoja akidhani maneno yale ameambiwa jirani yake. Lakini asubuhi iliyofuata watu watatu walikutana kwenye mlango wa ghala, na kila mmoja alikuwa amedhani atakuwa peke yake. Ni hao niliowataja.

Wiki ileile mto ulichukua daraja. Basi halikuja tena. Pumba iliyokuwepo iliisha, na dukani unga ukaanza kupimwa kwa kikombe. Na hapo kila mmoja alifanya alichokiweza.

Mwinjuma ndiye aliyetafuta. Ilikuwa vigumu kuomba cha mbwa katika kijiji ambacho watu walikuwa wanajibana, na yeye alijua hivyo, kwa hiyo hakuomba kitu ambacho mtu angeweza kukila. Alikwenda machinjioni akaomba damu, ambayo humwagwa. Alikwenda jikoni mwa shule ya bweni akaomba ukoko ulioungua hadi kuwa mkaa upande mmoja. Alikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na shamba la muhogo mchungu, muhogo ambao haukuchimbwa tangu mtoto wa mtu alipoutafuna na kufa, akauomba wote. Yule mzee alimwambia angekwisha kuung'oa mwenyewe kama si uvivu. Mwinjuma alikuwa mtu wa swala tano, na hakugusa mbwa. Alifikisha mkokoteni kwenye kizingiti cha ghala, akaushusha mzigo, akageuka. Hata hivyo palikuwa na watu msikitini waliohama safu wakimwona amesimama. Aliwaona wakihama, akaendelea kuswali.

Teodosia ndiye aliyepika. Mwinjuma alipomletea ule muhogo aliukata kidogo, akaunusa, akamwambia, "Hii ni sumu."

"Najua," Mwinjuma akasema. "Ingekuwa si sumu nisingepewa."

Akauchukua. Aliumenya, akaukata vipande, akauvundika kwenye mapipa ya maji mpaka ukalainika na kunuka, akamwaga maji, akaukamua, na kwa kuwa hapakuwa na jua akaukausha juu ya moshi, akautwanga, akausonga kwa damu iliyochemshwa. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa kila mara, kwa hiyo mapipa mengine yalikuwa yakivundika wakati mengine yakipikwa. Mikono yake iliota vidonda kwa maji ya muhogo. Na watu walipoona moshi ukitoka kwa Bi Perusi kila siku, walianza kusema kwamba mwanamke yule sasa anapikia mbwa. Palikuwa na harusi ya watu wa ukoo wake mwenyewe, na mpishi aliyeitwa akawa mwingine. Teodosia alikuwa akipikia mbwa kwenye pipa na si kwenye sufuria zake, lakini hakuna aliyemwuliza.

Stumai ndiye aliyewapa. Msidhani kuwapa ni jambo dogo. Mbwa mwenye njaa hangoji zamu, na mbwa arobaini wenye njaa mbele ya beseni moja watauana kabla beseni halijafika chini. Stumai alilala palepale ghalani, juu ya magunia. Alimjua kila mmoja kwa jina ambalo Bi Perusi alimpa. Aliwaweka mahali pao, wanyonge kwanza, wenye watoto wakafuata, wenye nguvu mwisho, na aliyenyanyuka kabla ya kuitwa alirudishwa kwa neno moja. Wakubwa walikula mwisho na walikula kidogo, lakini hawakumnyang'anya mnyonge. Mbwa mkubwa kuliko wote aliitwa Karani. Huyo ndiye ambaye Stumai alimtazama zaidi, kwa kuwa wengine walimtazama yeye.

Siwezi kusema kwamba hakufa mbwa hata mmoja. Siku za mwanzo alikufa jike mmoja mzee, na watoto wachanga wawili. Stumai aliwazika nyuma ya ghala. Baada ya hao hakufa mwingine.

Sasa nawaeleza siku ya ukuta, kwa sababu ndiyo inayoleta ubishi.

Mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika, na asubuhi moja ukuta wa udongo wa ghala, ule unaotazama malisho ya mbuzi, ulilowa ukaanguka. Likabaki pengo ambalo lori lingepita. Siku hiyo mbwa walikuwa hawajala tangu juzi yake. Damu haikupatikana kwa kuwa hakukuwa na ng'ombe wa kuchinja, na muhogo ulikuwa bado mapipani. Mwinjuma alikuwa ameondoka alfajiri na mkokoteni wake kufuata mto kwenda chini, bila kujua atakuta nini.

Mbwa walisimama wote pamoja. Mbuzi walikuwa wanaonekana.

Stumai alikwenda akasimama katikati ya pengo. Akamwambia Karani, "Kaa." Karani akakaa, na wa nyuma yake wakakaa. Lakini kukaa kwa mbwa mwenye njaa si kwa kudumu, na yeye alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote pale.

Wanaume wa kijiji walifika na mapanga na marungu. Bwana Shekigenda alikuwa mbele yao. Hawakumpiga mbwa yeyote, kwa kuwa makubaliano yalikuwa juu ya mbwa atakayetoka na kukamata mbuzi. Walisimama upande wa malisho, wakangoja atoke.

Teodosia alikuwa uani kwenye mapipa. Stumai alimwita bila kugeuza shingo, akamwomba alete muhogo kama ulivyo.

"Bado haujawa tayari," Teodosia akasema.

"Mama, wataniponyoka."

"Ukiwapa leo hutakuwa na wa kukuponyoka. Watakufa wote hapahapa. Ngoja."

"Ningoje nini?"

Teodosia alisimama mbele ya mapipa, mikono ameikunja kifuani, na hakuondoka pale. Kuna watu waliomwona siku ile wakasema ana roho ngumu. Baadaye siku hiyohiyo nguruwe wa jirani alifikia kipande cha muhogo ule ambacho Teodosia alikuwa amekitoa pipani ili kukipima, akala kidogo, akafa kabla ya jua kuzama. Ndipo waliosema wakanyamaza.

Karani alinyanyuka. Stumai akamwita kwa jina, naye akakaa, kisha akanyanyuka tena na kwenda moja kwa moja kwenye pengo. Stumai aliweka mkono wake mbele yake kama mtu anayefunga mlango. Karani akauma. Wanaume wote waliona. Stumai hakuuvuta mkono wala hakulia, kwa sababu kama angelia, mbwa wengine wangechanganyikiwa na wasingeshikika. Alisema tu, "Karani," kwa sauti ileile. Mbwa aliachia. Alirudi nyuma hatua chache akalala chini, na wengine hawakujua wamfuate nani, wakabaki walipokuwa. Damu ilikuwa inamtoka Stumai kwenye vidole, naye aliendelea kusimama.

Huko chini ya mto, Mwinjuma alikuwa amekuta mtamba aliyekufa maji, amekwama kwenye matete. Mwenye mtamba alikuwa mfugaji anayeitwa Lekule, naye alikuwa ameketi karibu na mzoga wake, amekasirika. Mnyama aliyekufa mwenyewe ni kibudu. Wanunuzi wake wote wangekuwa Waislamu, na hakuna ambaye angemnunua. Mwinjuma alimsalimu, akakaa naye, akamsikiliza habari za mtamba yule, alizaliwa lini na mama yake alikuwa ng'ombe gani. Hakuharakisha. Kisha akamwambia kuna mbwa wa mama mmoja wanakufa njaa, naye amekuja kuomba nyama hii isiyoliwa na mtu.

"Wewe Mswahili unaomba kibudu kwa ajili ya mbwa?" Lekule akauliza.

"Ndiyo. Na ngozi nitakuchunia vizuri, uondoke nayo."

Lekule akatoa kisu chake akampa. Wakachuna pamoja. Ngozi ikaenda na mwenyewe, na nyama ikaingia kwenye mkokoteni.

Mwinjuma alipofika ghalani alikuta wanaume wamesimama na mapanga, na binti amesimama kwenye pengo na mkono uliojaa damu. Hapakuwa na nafasi ya kuzunguka kwenda mlangoni. Akaupitisha mkokoteni palepale kwenye pengo, katikati ya mbwa. Walimzunguka, wakamlamba miguu na mikono, yeye ambaye siku zote hizo hakumruhusu hata mmoja amguse. Alisukuma mpaka uani. Jioni alijitwaharisha kama dini yake ilivyomfundisha, na hakulizungumza tena.

Mbwa wote waligeuza migongo yao kwenye pengo, wakaufuata mkokoteni.

Hapo Teodosia aliingia. Alisema wasipewe mbichi, kwa sababu matumbo matupu kiasi kile yakijazwa nyama ya mzoga kwa pupa yatawaua. Aliwasha moto chini ya pipa. Akawapa kwanza mchuzi mwepesi, kidogo kidogo, kisha nyama iliyokatwakatwa. Stumai, mkono umefungwa kwa kanga, aliwaita mmoja mmoja kwa zamu. Bwana Shekigenda aliangalia kwa muda, kisha akawaambia wanaume waliokuja na mapanga wakakate miti. Kabla mvua haijaanza tena pengo lilikuwa limezibwa. Hakuna mbuzi aliyeguswa.

Nyama ile iliwapitisha siku zile mbaya, na muhogo ukawa tayari, ukawapitisha zilizobaki. Maji yakapungua, daraja likawekwa mbao, basi likaja na pumba. Mbwa wa Bi Perusi walikuwa hai. Kijiji chote kilikuwa shahidi.

Bwana Shekigenda alipiga simu hospitali akampata Ernesti, mtoto wa mdogo wake Bi Perusi, fundi cherehani wa Muheza, ambaye ndiye aliyekuwa akimwuguza. Simu ilikuwa inakatika. Alichofanikiwa kusema ni kwamba mbwa wote wanakula na ni wazima. Ernesti akamwambia mgonjwa. Kwa mujibu wa Ernesti, Bi Perusi alifumba macho, hata Ernesti akadhani amelala. Kisha akasema:

"Nyumba yangu na kiwanja chake, mpeni aliyewalisha mbwa wangu."

Ernesti alimwuliza ni nani huyo.

"Mimi sikuwepo," akasema. "Kijiji kitamjua."

Akafa baada ya siku mbili. Walimzika kwao, Muheza. Na Ernesti, ambaye angeweza kukaa kimya akairithi nyumba yeye, maana hakukuwa na mwingine aliyesikia, alipanda basi akavuka daraja la mbao akaja Kwemtindi kuyasema maneno yale. Kwa hilo peke yake anastahili heshima, ingawa swali letu halimhusu.

Watu walikusanyika kwenye ua wa marehemu. Ernesti akasimama akasema aliyoyasikia. Kisha akauliza: nani aliwalisha?

Watu wakataja majina matatu.

Bwana Shekigenda akaona njia nyepesi, akasema wapewe wote watatu. Ernesti akakataa. Alisema mama yake mkubwa alisema aliyewalisha, hakusema waliowalisha, na yeye hakuja kusahihisha maneno ya maiti. Tena nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili. Mwinjuma ana mke na watoto, hawezi kukaa humo na wanawake wawili wasio wa kwake. Ikiuzwa ili wagawane, ghala na kisima vitakwenda pamoja nayo, na mbwa watarudi barabarani. Lazima awe mmoja.

Mjue pia kwamba kila mmoja alikuwa na haja ya nyumba. Mwinjuma na familia yake walipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Teodosia alikaa kwa kaka yake, kwa wifi aliyehesabu vijiti vya kiberiti. Stumai, aliyekwisha kufiwa na baba, hakuwa na pa kulala zaidi ya magunia ya ghala. Na kila mmoja alikuwa ameshalipa kwa namna yake. Mwinjuma alikuwa bado anahamiwa safu. Teodosia alikuwa haitwi tena kwenye shughuli. Na mkono wa Stumai ulipona, lakini vidole viwili havikuweza kukunjwa tena.

Mwenyekiti aliwataka waseme. Mwinjuma alisema hapendi kugombea kitu cha marehemu, ila kwa kuwa ameulizwa atajibu: mtu hawezi kupika hewa, wala hawezi kuwaita mbwa waje kula hewa. Chakula chote kilichoingia ghala lile kilipita kwenye mkokoteni wake.

Teodosia alisema kilichopita kwenye mkokoteni ni damu, ukoko wa mkaa, mzoga na sumu. Hakukuwa na chakula ndani yake mpaka kilipotoka kwenye pipa lake. "Angewapa alivyovileta kama alivyovileta," akasema, "angekuwa amewaua, hajawalisha."

Stumai alisema wa mwisho. Alisema chakula kizuri kilikuwepo, kimetafutwa na kimepikwa, yeye hakatai. Lakini chakula kikiwa ndani ya beseni bado hakijamlisha mtu. "Aliyekiweka mbele ya kila mbwa mpaka akameza ni mimi. Na siku ambayo hakikuwepo kabisa, niliwashika ili kikija kiwakute."

Ua ukagawanyika. Mzee mmoja alisema mtoto anayeulizwa nani anamlisha hutaja baba, aletaye. Mama mmoja akamjibu kwamba huyo mtoto atakuwa wa nyumba nyingine, wa kwake anamtaja apikaye. Binti mmoja aliyekuwa mwuguzi akasema yeye huwalisha wagonjwa kila siku kwa kijiko, chakula hanunui wala hapiki, na hakuna anayesema wagonjwa wale wanalishwa na mtu mwingine. Wakageukiana. Wengine wakaanza kusema habari za haja, nani ana watoto, nani ni mjane, nani hana ukoo, na Ernesti akawakumbusha kwamba marehemu hakusema apewe mwenye shida.

Walibishana mpaka kivuli cha nyumba kikafika kisimani. Ndani ya ghala mbwa wakaanza kulia, kwa maana wakati wao wa kula ulikuwa umefika.

Mwinjuma aliinuka, akashika mkokoteni wake akaenda kuchukua gunia la pumba lililoshushwa barabarani. Teodosia akaenda kuchochea moto. Stumai akafungua mlango wa ghala akaingia. Hawakuaga. Mwenyekiti na Ernesti na kijiji kizima walibaki wamekaa wakitazama nyumba tupu, na ufunguo uko mkononi mwa Ernesti.

Mimi nimemaliza. Aliyetafuta, aliyepika, na aliyewapa: mmoja tu ndiye ambaye Bi Perusi alimwachia nyumba, na alisema kijiji kitamjua. Leo kijiji ni ninyi mliokaa hapa. Haya, chukueni ufunguo. Mnampa nani, na wale wawili mtawaambia nini?